Daktari Hakusema Nikae

Wakubwa zangu, shikamooni. Waislamu wenzangu, asalaam aleikum. Wakristo, Bwana Yesu asifiwe. Naitwa Athumani, ila kule kwetu juu ya Soni wengi wananiita Baba Rehema. Baadhi yenu mnanifahamu, tumefanya mazoezi pamoja kwenye mikeka ya chumba hiki cha mazoezi hapa hospitali. Wageni karibuni. Nimepewa nafasi nieleze jinsi nilivyougua magoti na jinsi nilivyopata nafuu, ili mtu anayeumwa leo asikate tamaa. Nitaeleza. Lakini yapo mambo nitakayoyasema nikiangalia chini, mnisamehe.

Mimi ni mkulima wa mboga. Nyumba yetu iko juu, kwenye mgongo wa mlima, na shamba liko bondeni kando ya kijito. Mtu mzima mwenye afya anashuka kwa robo saa, anapanda kwa nusu saa. Njia ni ya miguu, ya udongo mwekundu, yenye vipandio tulivyochonga wenyewe kwa jembe. Kila karoti tuliyowahi kuuza na kila kabichi iliyokwenda sokoni ilipandishwa na mtu kwenye njia ile.

Ujana wangu nilikuwa na nguvu za kujionyesha. Gunia la viazi nilikuwa nalitupia mgongoni na kupanda nalo bila kupumzika, huku nikijua kuna watu wananitazama. Nikiwa na miaka ishirini na kitu nilitegua goti la kushoto kwenye mpira, tulipokwenda kucheza kule Magoma. Lilivimba nikashindwa kulikunja. Mama akalikanda kwa maji ya moto, na wiki ya pili nikarudi kubeba. Hakuna aliyeniambia nisubiri, na hata ningeambiwa nisingesikia.

Nilimwoa Zaina, Mama Rehema, tukapata watoto watatu. Wote sasa wana miji yao. Kazi tuligawana kama wanavyogawana watu wa kwetu: mimi kulima, kupiga dawa na kubeba magunia mazito, yeye kupalilia, kuvuna na kubeba kichwani vile vilivyobaki. Vile vilivyobaki havikuwa vyepesi. Sikuwahi kuvipima.

Goti lilianza kunisumbua nilipofika miaka hamsini na mbili. Lilianzia kwenye kushuka. Kupanda nilikuwa napanda vizuri, ila nikishuka nasikia kitu kinachoma mbele ya goti, kwa ndani. Asubuhi linakuwa gumu, nalikunja taratibu mpaka lilegee. Halafu likaanza kutoa sauti, kama unavyokanyaga changarawe. Miezi michache baadaye la kulia nalo likafuata, maana nilikuwa naliegemea.

Watu waliniambia ni baridi yabisi. Kwetu Julai ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi, basi kila kiungo kinachouma tunakisingizia hali ya hewa. Nikavaa suruali mbili. Nikapakwa mafuta ya kila aina. Dukani nikapewa vidonge vya diklofenaki, na vilinisaidia kweli. Nilikuwa nameza kimoja asubuhi, nabeba gunia, nameza kingine jioni. Baada ya miezi sita tumbo likaanza kuwaka moto, nikawa siwezi kula pilipili wala maharage. Goti likajaa maji. Nilikuwa nikilibonyeza kwa kidole linabonyea.

Hapo ndipo nilipokuja hospitali. Nilikuja peke yangu. Nikapigwa picha, nikakaa mbele ya daktari, mwanamume wa makamo, mpole. Aliiinua picha kwenye mwanga wa dirisha akanionyesha.

"Mzee, hapa katikati ya mifupa kuna gegedu, ndiyo mto wa goti. Lako limesagika upande wa ndani. Liliumia zamani na umelibebesha sana."

Nikamuuliza, "Ndiyo limekwisha?"

"Halijaisha. Acha magunia. Punguza mwili kidogo. Lakini usiache kutembea. Goti usipolitembeza linadhoofika zaidi. Nitakuandikia uende chumba cha mazoezi, kiko hapohapo ukumbini, uanze leo."

Akaandika kwenye daftari langu la hospitali, kwa Kiingereza, mistari mitano au sita. Nikatoka.

Nikafika mlango wa chumba cha mazoezi. Ulikuwa wazi. Ndani niliona akina mama wanne na mzee mmoja wamelala chali kwenye mikeka, wananyanyua mguu mmoja mmoja kama watoto wachanga, na binti mdogo aliyevaa suruali anawahesabia. Mmoja wa wale akina mama alikuwa wa kijiji chetu. Nikajiona mimi, mbeba gunia, nimelala pale, na habari imetangulia nyumbani kabla yangu. Nilipita ule mlango kama mtu anayetafuta choo. Nikaenda moja kwa moja kupanda gari.

Nyumbani Mama Rehema alikuwa amenipikia uji. Akanikalisha, akauliza, "Daktari kasemaje?"

Nikamwambia, "Kasema goti limekwisha. Nisiende shamba. Nikae nipumzike."

Sijui kama nilikuwa nimelipanga lile jibu. Nadhani lilikuwa linakuja tangu nilipopita mlango. Daktari alisema niache magunia, mimi nikaligeuza kuwa niache shamba lote. Yaliyobaki niliyameza.

Yeye akaniangalia goti, akanifunika na kanga yake, akasema, "Basi pumzika. Mimi nipo."

Nilipumzika miaka miwili.

Nataka mnielewe, maumivu yalikuwa ya kweli. Sikuwa nacheza. Na wiki za mwanzo nilipokaa goti lilipungua kuvimba, nikajiambia unaona, kumbe nilikuwa na haki. Nikakaa zaidi. Kila nikijaribu kusimama linauma kuliko jana, nami nikachukua hiyo kuwa ushahidi kwamba nisisimame. Kiti changu kilikuwa barazani, pale jua linapofika mapema. Watu wakipita njiani wananiamkia, wananipa pole. Majirani walimletea Mama Rehema maziwa kwa ajili yangu. Walimsifu mbele yangu, kwamba nimepata mke. Nami niliitikia, ndiyo, nimepata mke.

Mwili wangu ulibadilika. Tumbo likaja mbele. Paja la kushoto likanywea mpaka suruali ikawa inapepea upande mmoja. Msikitini niliacha kwenda, nikawa naswali nyumbani kwenye kiti. Na choo chetu ni cha kuchuchumaa. Nikichuchumaa siwezi kuinuka. Mara ya kwanza nilikaa mle ndani nikiwa nimeshika ukuta mpaka miguu ikafa ganzi, nikaona aibu kuita. Mwishowe nikaita. Mama Rehema akaja akanishika kwapani akaninyanyua, akanifunga suruali. Baada ya hapo ikawa ndiyo kawaida yetu. Alimwomba fundi akate tundu kwenye kiti cha mbao, akawa anakiosha yeye.

Na baada ya kukiosha alikuwa anashuka shambani. Alilima alichokuwa analima, na nilichokuwa nalima mimi pia. Magunia aliyagawa kwenye viroba, akaviweka kichwani juu ya ngata, kimoja baada ya kingine, akipanda mara nne, mara tano kwa siku. Mimi nilikuwa namwona. Kutoka barazani njia yote inaonekana.

Jirani yetu Mzee Yohana, mzee wa kanisa, aliniambia siku moja tukiwa tumekaa, "Athumani, umemwangalia mkeo anavyoshuka siku hizi?"

"Anashukaje?"

"Anashuka kiubavu. Anashika migomba."

Nikamjibu, "Na mimi nifanyeje, jirani? Daktari kanikataza."

 Mimi nikabadilisha mazungumzo, nikamuuliza habari za ng'ombe wake.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa masika, asubuhi, mvua imekatika kidogo. Mama Rehema alikuwa anapanda na kiroba cha viazi. Nilimwona akitokea kwenye kona ya mwisho kabla ya nyumba, akasimama, akainua mguu wa kulia kwenye kipandio, na goti likakataa. Halikuteleza. Lilikataa tu, likakunjika kwa pembeni. Akakaa chini palepale kwenye matope. Kiroba kikamtoka kichwani kikapasuka, viazi vikaanza kuteremka kimoja kimoja kuelekea kijitoni.

Nilisimama. Nilishika nguzo, nikashika ukuta, nikatoka uani nikaanza kushuka. Nilitembea hatua kama kumi. Mapaja yakaanza kutetemeka, yote mawili, hayakuwa na kitu ndani. Hatua ya kumi na mbili au kumi na tatu nikaanguka kwa makalio. Nikajaribu kuinuka, sikuweza. Mke wangu alikuwa chini yangu, si mbali, hata kwa sauti ya kawaida tungesikilizana. Sikuweza kumfikia.

Akainua uso akaniona. Alikuwa ameshika goti kwa mikono miwili, machozi yanamtoka kwa maumivu. Akaniambia, "Rudi, Baba Rehema. Daktari alikukataza."

Ndugu zangu, nimeumwa mengi, ila hakuna kilichowahi kuniuma kama yale maneno. Nilikaa kwenye matope nikamwita Mzee Yohana kwa nguvu zangu zote. Yeye na wanawe walikuja, wakambeba Zaina kwanza. Halafu wakarudi kunichukua mimi.

Tuliletwa hospitali wote wawili kwa gari la mtu wa kanisani kwao Mzee Yohana. Zaina alipigwa picha. Goti lake la kulia lilikuwa limesagika kuliko langu, na kuna gegedu la ndani lilichanika siku ileile. La kushoto nalo lilikuwa njiani. Tukapelekwa chumba cha mazoezi, kilekile. Safari hii sikuweza kuupita mlango bila kuingia.

Binti yule aliyekuwa anahesabu ndiye Upendo, mtaalamu wetu, mnamjua. Aliniamkia shikamoo, akampima mama, akamweleza vizuri. Kisha akanitazama mimi ninavyokaa.

"Na wewe baba, magoti yamekuwaje?"

Nikasema, "Mimi ni mgonjwa wa zamani. Nimeambiwa nisitembee."

"Nani alikuambia?"

"Hapahapa."

"Nione daftari lako."

Ningeweza kusema nimelisahau. Lakini Mama Rehema ndiye aliyekuwa anatunza vitu vyetu, na alikuwa amelibeba kwenye mkoba pamoja na lake. Akalitoa akampa. Upendo akalisoma kimya, akakunja uso. Kisha akasema, "Baba, hapa daktari ameandika hivi." Akalisoma kwa Kiswahili, kwa sauti. Goti la kushoto limesagika kiasi. Mgonjwa aache kubeba mizigo mizito. Apunguze uzito. Atembee kila siku. Afanye mazoezi ya misuli ya paja. Aanze fiziotherapia leo. Mgonjwa ameelezwa na ameelewa.

Mama Rehema akasema, "Soma tena, mwanangu."

Upendo akasoma tena. Nadhani wakati huo alishaelewa ni nini anachokisoma, maana mara ya pili alisoma taratibu na hakuniangalia. Alipofika "ameelezwa na ameelewa," mke wangu akavuta kanga yake mabegani akasema, "Kumbe." Basi. 

Siku tatu hakunisemesha zaidi ya salamu. Hakununa, hakupiga kelele. Alikaa kitandani mguu umefungwa, na mimi nikawa napika ugali wenye mabuje nimekaa kwenye kigoda, akala. Siku ya nne, baada ya swala ya alasiri, aliniita. Alisema kwa Kishambaa, nawapa kwa Kiswahili:

"Kama ungeniambia umechoka, ningekubebea vilevile. Kama ungeniambia unaona aibu kulala kwenye mkeka, ningekucheka kidogo, yakaisha. Kwa nini ulimsingizia daktari?"

 Mpaka leo jibu la swali hilo nalitafuta. Nilimwomba msamaha. Akasema, "Nimesikia." Hakusema amesamehe, na sikumdai.

Wiki iliyofuata nikaanza mazoezi. Nilikuja na mke wangu kwa bodaboda mbili. Upendo alitueleza jambo ambalo nataka mlishike, maana laiti ningelijua ningeogopa kukaa kuliko nilivyoogopa kutembea. Alisema gegedu halina mishipa ya damu. Linapata chakula chake kwa kubanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa, kama unavyokamua sponji ndani ya maji. Ukitembea unalilisha. Ukikaa siku nzima linakaa na njaa. Na misuli ya paja ndiyo inayopokea uzito kabla haujafika kwenye mfupa. Misuli ikinywea, mzigo wote unaangukia goti.

Nikamuuliza, "Sasa huyu mama mbona alitembea kila siku na yake yamekufa?"

Akaniambia, "Kwa sababu lilibanwa halikuachiwa, baba. Kiroba kimoja kwa siku, na kupumzika, goti lake lingezoea, lingeweza hata kupata nguvu. Lakini viroba vitano kwa mteremko ule, kila siku, miaka miwili, hakuna goti linalopona hapo katikati. Ukishuka mlima goti linabeba zaidi ya mara mbili ya uzito wako, na kila ulichoweka kichwani linakibeba hivyohivyo. Lako lilikosa kazi. La kwake lilifanya kazi ya watu wawili."

Alisema bila kunisuta. Alikuwa anajibu swali tu.

Tulianza na vitu vya kitoto. Kulala chali, kukaza paja, kuhesabu hadi tano, kulegeza. Kukaa kwenye kiti na kusimama bila kushika. Siku ya kwanza nilisimama mara tatu nikatoka jasho. Kutembea kutoka mlangoni kwetu hadi kwa Mzee Yohana na kurudi, nikiwa na fimbo mkono wa kulia kwa sababu goti bovu zaidi ni la kushoto. Nilikuwa nikidhani fimbo inashikwa upande unaouma. Nilijifunza kushuka nikitanguliza mguu mbovu na kupanda nikitanguliza mzima. Liliuma. Upendo alinipa kipimo: maumivu yakiisha kabla ya kesho asubuhi, endelea. Yakiamka na wewe au goti likivimba, punguza, lakini usiache. Wiki ya pili nilitaka kuacha. Niliacha siku moja. Mama Rehema alikuwa kwenye mkeka wake ananyanyua mguu, akanitazama tu. Nikalala chini nikaendelea.

Mwezi wa tatu wa mazoezi niliinuka chooni peke yangu. Mtu mzima kushangilia kitu kama hicho, lakini nilikaa nje ya choo nikamshukuru Mungu. Mwezi wa tano nikaanza kuteka maji kwa vidumu viwili vya lita tano, kimoja kila mkono. Vijana wa pale barabarani wakacheka kuona mzee mzima anachota maji kama mwali. Wacha wacheke. Nilipungua tumbo. Kabla ya mwaka kwisha nilishuka shambani, nikagusa maji ya kijito, nikapanda. Nilichukua karibu saa nzima. Msikitini nilirudi, nasujudu huku nimekunja mkeka chini ya goti.

Kwa picha, goti langu bado limesagika. Halikurudi jipya na halitarudi. Ila linanibeba.

La Mama Rehema halikwenda hivyo. Amefanya mazoezi yote niliyofanya, kwa bidii kuliko mimi, na maumivu yamepungua, anapika, anatembea uani kwa fimbo. Lakini mteremko umemshinda. Shambani hajafika tena. Ananiuliza karoti zimeota vipi, naye ndiye aliyekuwa akizipanda.

Mwaka jana niliombwa kusimama hapa kama leo. Nilieleza habari za mpira, vidonge, mazoezi, vidumu vya maji. Nikasema mke wangu alinihudumia nikiwa mgonjwa. Mlinipigia makofi. Yeye alikuwa amekaa benchi la nyuma. Tulipotoka akaniambia, "Umesema vizuri. Mimi tu ndiyo umenisahau." Tangu siku ile nimekuwa nikiomba nafasi ya kusimama tena, na nilimwomba ruhusa yake kwanza. Akaniambia, "Sema, litamsaidia mtu."

Basi namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa miguu mara ya pili. Namshukuru daktari, ambaye nilimsingizia neno ambalo hakulisema. Namshukuru Upendo, na Mzee Yohana na wanawe. Wenye magoti, msikae. Tembeeni kwa kiasi, kila siku, na mlale kwenye mikeka hii bila kuona haya. Aibu ya kulala pale ni ndogo, mimi naijua iliyo kubwa. Wenye mizigo, igaweni. Mwanamume wa kwetu uliyezoea kumwona mama akipanda na kiroba, shuka ukakipokee, na kama huwezi kukibeba chote, kigawanyeni viwe viwili.

Mtauliza Mama Rehema yuko wapi leo. Alitaka kuja. Alivaa, akafika hadi kwenye kipandio cha kwanza cha njia ya kushukia barabarani, mvua ya jana imelowesha njia, goti likamkatalia. Nikamwambia nitakaa naye. Akasema niende. Nimeshuka mwenyewe, nimefika barabarani bila fimbo, yeye amebaki barazani.

Amesema niwasalimu.